Kwenye Yowe Hakuna Jina

Asubuhi ile nilikuwa nafua koti la kaka yangu kwa majani ya mpapai. Sabuni hatukuwa nayo, na aliyekuwa nayo aliificha chini ya kitanda. Unachuma majani mabichi, unayaponda juu ya jiwe mpaka yatoe povu la kijani, unasugua, halafu mengine unamwachia Mungu. Koti lilikuwa la jeshi, zito, lenye rangi ya jivu lililolowa, na mfuko wake mmoja ulikuwa umeungua. Nikalianika kwenye ua wa minyaa likawa linadondosha maji taratibu.

Kaka yangu Masatu alikuwa amekaa kizingitini na shuka mabegani, anachambua pamba. Safi aliweka kulia, fifi, ile yenye madoa, kushoto. Alikuwa na homa siku ya tatu, na dawa zahanati hazikuwepo, kama ambavyo vitu vingi havikuwepo miaka ile.

"Nyamisi, utalitoboa koti langu."

"Limetobolewa na wenye bunduki likapona, litashindwa na mimi?"

Alicheka mpaka akakohoa. Mama, ndani, akatuambia kwamba pamba haijawahi kujichuma yenyewe tangu dunia iumbwe. Ndivyo asubuhi ile ilivyokuwa, hakuna zaidi. Nimeirudia mara nyingi mno kichwani, na kila nikiirudia inakuwa na mwanga mwingi kuliko asubuhi za kweli, mpaka nashindwa kujua kama povu lilikuwa la kijani hivyo au nimelitia rangi mwenyewe.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Bunda, njia ya kwendea Guta, ziwa likionekana kwa mbali kama ukanda mweupe. Jina la kijiji silitaji. Watu wake wengine bado wako hai, na baadhi yao nawapenda.

Watu wakisikia kwamba niliona vita huniuliza habari za mizinga. Mizinga mimi sikuisikia. Vita vya Uganda alikwenda Masatu na mgambo wenzake, wakapanda lori pale Bunda wakiimba, na alirudi mzima. Tukachinja, tukacheza, tukasema yamekwisha. Kumbe vita vyetu sisi vilikuwa bado viko njiani, vinakuja kwa miguu.

Zamani wizi wa ng'ombe ulikuwa na adabu yake, kama wizi unaweza kuwa na adabu. Wanakuja na mishale, mnawafuata na mishale. Mnaweza kurudisha ng'ombe wenu na watu wenu wote wakawa hai. Baada ya vita vile, bunduki zikawa mikononi mwa watu wasiojulikana. Ndani ya masika moja, maboma matatu ya kwetu yalibaki matupu, mazizi wazi, samadi inakauka. Mchungaji wa mzee Bwire, jirani yetu, alipigwa risasi kisimani mchana kweupe. Tulimkuta amelala kifudifudi, fimbo bado mkononi. Walimwona mmoja wa wezi, watu walisema, amevaa koti la jeshi. Tangu hapo usiku tulikuwa tunalala kwenye mihogo, mama akinishika ukosi wa gauni hata usingizini.

Silaha yetu ilikuwa yowe.

Nalieleza kwa wasiolijua. Mwenye kuona wezi anapiga ukelele, mrefu, wa juu. Aliye karibu anaudaka na kuupiga tena, na mwingine, na mwingine, mpaka milima yote inalia. Wanaume wanakimbia na silaha. Wanawake tunawafuata nyuma tukilipiga bila kuliacha lizimike, maana yowe likizimika miguu ya wanaume nayo inazimika. Asiyeitika anatozwa ng'ombe. Na kwenye yowe majina hayatajwi. Hata ukimwona ndugu yako ameanguka, unasema "mtu ameanguka." Wazee waliweka hivyo kwa akili. Damu ikimwagika, kisasi kitamtafuta nani? Hakuna aliyesikia jina. Alikuwepo kila mtu, kwa hiyo hakuwepo mtu.

Masatu alirudi kutoka vitani na ugonjwa mmoja tu. Hakuweza tena kulikimbilia yowe.

Mara ya kwanza lilipopigwa alijilaza chini. Watu walimpita amelala kwenye tuta la viazi, sikio ardhini. Alituambia kwamba kule walikokwenda, aliyekimbilia kelele ndiye aliyekuwa anakufa wa kwanza. Unalala kwanza, unasikiliza, unatazama, ndipo unachagua njia. Kijiji kilicheka wiki nzima. Mara ya pili alifika wa mwisho, anatembea, na safari hiyo hakuna aliyecheka, kwa sababu ng'ombe wanane walikuwa wamekwenda.

Balozi wetu wa nyumba kumi akaitisha mkutano.

"Huyu kijana huko jeshini alikuwaga shujaa," balozi alisema. "Hapa kwetu anajilazaga kama ng'ombe mwenye ndigana. Sisi tumueleweje?"

Masatu alisimama akajaribu kueleza. Alisema wezi hawapigwi kwa kufuatwa nyuma, wanapigwa mbele, mtoni, kwenye kivuko. Kila mwizi atapitia mto Rubana, kwa hiyo wachache wawahi kivukoni badala ya wote kukimbilia zizi ambalo tayari ni tupu. Leo naona ilikuwa akili safi. Siku ile ilisikika kama mtu anayezijua mno njia za wezi.

Sauti moja kutoka nyuma ikasema, "Asiyeitika yowe ni mwenzao. Mara ya tatu hatutauliza."

Na mkutano ukajibu, "Eee!"

Tulirudi nyumbani. Karibu na mpapai wetu Masatu akanigeukia, uso una utani wake uleule.

"Hata wewe umesema eee."

"Mimi? Nilisema?"

"Kwa sauti nzuri kabisa. Mama naye."

Nilibisha mpaka machozi yakanitoka, na kadiri nilivyobisha ndivyo nilivyoanza kukumbuka uzito wa hewa ikitoka kifuani mwangu. Nilikuwa nimeisema. Hakuna aliyenilazimisha. Wahenga walisema wengi wape. Hawakusema kwamba unaweza kuwapa hata kabla hawajakuomba.

Hakunikasirikia. Alikaa chini akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Kule vitani, katika mji mmoja waliouteka, askari wenzake walimzingira mzee mmoja raia wakidai ni jasusi. Walikuwa watu wazuri, alisema, watu aliokula nao sahani moja. Macho yao yalikuwa yamekwenda mahali. Ndipo mwanamke mmoja, akiwa dirishani, akaita jina la yule mzee. Aliliita kama unavyomwita mtu aje kula. Na mikono ikashuka.

"Jina tu, Nyamisi. Mtu asiye na jina ni rahisi. Akiitwa, wanakumbuka kwamba ana mama." Akanitazama. "Siku ukiniona mahali ambapo wenzako hawanioni, uniite."

"Kwenye yowe hatutajagi jina."

"Ndio maana nakuomba wewe."

"Nitakuita mpaka Ukerewe wasikie," nilimwambia, na nilikuwa na uhakika nalo kama nilivyokuwa na uhakika na kidole changu.

Sasa narudi kwenye ile siku ya koti.

Mchana nilikuwa shambani na wanawake wengine, tunachuma. Pamba ilikuwa imefunguka yote kwa pamoja. Ukiinua kichwa huoni majani, unaona weupe tu unaotetemeka kwa joto. Nilikuwa na usingizi ule wa saa nane, wa mikono kufanya kazi bila mwenyewe. Yowe lilipoanza upande wa kwa mzee Bwire nilidhani linatoka ndani ya usingizi. Halafu mlio wa bunduki, mmoja, mdogo, kama mtu amevunja kuni.

Gunia langu sikumbuki kuliweka chini. Nakumbuka nakimbia. Nakumbuka sikuwa na woga hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilikuwa mwepesi. Pumzi yangu ilikuwa ya wote, miguu yangu ya wote. Aliyekuwa mbele yangu akipinda nami napinda kabla sijajua kwa nini. Sijawahi kuwa na ndugu wengi kama niliokuwa nao ile saa moja. Nikisema ilikuwa tamu mtanishangaa, lakini ilikuwa tamu.

Zizi la mzee Bwire tulilikuta tupu, kama Masatu alivyosema. Tukageukia magharibi, kuelekea mtoni, jua usoni.

Mambo ya upande wake niliyajua baadaye, kwa alama za viatu vyake na kwa maneno ya mama. Alikuwa amelala akasikia yowe. Akatoka, akasikiliza, kwa baridi ya homa akalivaa koti likiwa bado na unyevu, akashika njia ya kivukoni peke yake. Alichowafanya wezi sikijui. Labda walimwona na koti lile wakadhani jeshi limewawahi. Waliwaacha ng'ombe, wakavuka wenyewe.

Naye akaanza kuwarudisha.

Tuliwaona ng'ombe kwanza. Vumbi, pembe, na nyuma yao mtu. Jua lilikuwa mgongoni kwake, kwa hiyo alikuwa mweusi, hana uso. Ana koti.

Walikuwa wanakuja kwetu. Nalisema polepole, maana siku ile hakuna aliyelisema. Ng'ombe walikuwa wanakuja upande wetu. Mwizi gani huwarudishia wenye ng'ombe mali yao?

Yowe likapanda.

Nilimjua kwa mwendo. Alikuwa anaburuta mguu wa kushoto kidogo tangu aliporudi. Nilimjua hata kabla hajainua mkono.

Aliinua mkono. Mdomo wake ulikuwa unasema kitu. Sauti ya homa, haikutufikia.

Halafu akaacha kusema. Alikuwa ameniona. Gauni langu lilikuwa la njano, ndilo pekee nililokuwa nalo. Akasimama, mkono juu, ananitazama.

Alikuwa anangoja.

Nikafungua mdomo.

Kilichotoka ni yowe.

Nililisikia mwenyewe, refu, safi, limeungana na mengine bila mshono. Nikavuta pumzi nimwite tena, na likatoka tena. Jina lilikuwepo kichwani, zima, na herufi zake zote. Njia ya kwenda mdomoni ilikuwa imejaa watu.

Mshale wa kwanza sikuona umetoka kwa nani. Hakuna aliyeona.

Ilikuwa fupi.

Ng'ombe walitupita wakitawanyika, wakaenda zao nyumbani kwa mzee Bwire kwa njia wanayoijua. Balozi ndiye aliyemgeuza. Alitazama muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayemsalimu mtu, "Masatu."

Na mikono ikashuka. Yote. Kama alivyoniambia.

Walimzika watu walewale. Nani mwingine angemzika? Waliochimba kaburi walichimba vizuri, pande zote sawa, na walilia kilio cha kweli. Mzee Bwire alileta dume, mmoja wa wale waliorudishwa, na matanga yakalila. Nami nilikula. Wanawake walinishika mabega wakaniambia pole dada, pole sana, na nilihisi katika viganja vyao kwamba wananipa pole kwa jambo lililotokea mbali, kwa mkono wa mvua au radi. Askari walikuja kutoka mjini wakauliza nani aliyeanza. Wakaambiwa, yowe. Wakaandika wananchi wenye hasira kali, wakaondoka. Hasira? Mimi nilikuwepo. Hasira haikuwepo hata ya kujaza kikombe.

Usidhani walikuwa watu wabaya. Nimewachambua mmoja mmoja kwa miaka, safi huku, fifi huku, na sijapata wa kumweka kushoto. Ukimchukua balozi peke yake, angegawana na Masatu kidonge cha mwisho. Mzee Bwire alimbeba akiwa mtoto. Wabaya ningewachukia nikapumzika. Na nikifika kwangu, ninajua kwamba wanaume wale walikuwa wanakimbia kwa sauti zetu, na mojawapo ilikuwa ya kwangu, na ilikuwa nzuri.

Mama hakuweza kukaa pale. Aliponyanyua kichwa kila asubuhi aliwaona watu walewale. Alirudi kwa kaka zake Butiama, nami nikaenda Musoma, nikaolewa, nikapata meza ya mitumba sokoni Iringo mitumba iliporuhusiwa. Dunia ikafunguka. Sabuni zikarudi madukani za rangi zote, wanunuzi binafsi wakaja kugombania pamba waliyokuwa wameikataa watu wa ushirika, na vijana wakaona miaka yetu ya foleni kama hadithi. Nilifungua marobota mengi. Siku moja ndani ya robota likatoka koti rangi ileile. Nililiuza saa hiyohiyo kwa mtu wa kwanza.

Pale sokoni nako lipo, yowe. Linaanza kwa neno moja, "Mwizi!", na meza zinabaki bila wauzaji. Nimezoea kukaa chini ya meza yangu, kiganja kwenye udongo, nasikiliza. Jirani yangu wa viatu aliwahi kuniuliza, "Wewe mama, kwani huwa unaogopaga nini?" Nikamwambia miguu inaniuma. Sitaki mtu adhani nimekuwa mwema. Sijawahi kumwokoa yeyote. Wale wanaofukuzwa siwajui majina, na hata ningeyajua, sina hakika na mdomo wangu.

Nilikuwa nikienda Butiama mara mbili tatu kwa mwaka, nikimpelekea mama sukari na vitenge. Tangu matanga hatukuwa tumeizungumza siku ile. Tulizungumza mvua, tulizungumza magoti yake. Safari yangu ya mwisho nilimpelekea sabuni, miche miwili mizima. Aliinusa sana. Kisha akaingia ndani, akakaa, akatoka amelikumbatia lile koti. Sikujua kwamba alikuwa nalo. Lilikuwa limekunjwa kunjo nne, na liliposhika hewa lilitoa harufu ya nyumba yetu ya zamani.

"Nifulie," alisema. "Safari hii kwa sabuni."

Nikateka maji, nikaweka beseni kivulini mwa jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Mama alikaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha. Maji yalitoka kahawia, nikayamwaga. Yakatoka kahawia tena. Vidole vyangu vilipita kwenye mfuko ulioungua, halafu vikapita kwenye matundu ambayo hayakuwa ya Uganda. Nikaendelea.

"Siku ile nilikuwa jikoni," mama alisema. Aliongea akitazama vilima, taratibu, kama anayejisomea. "Yowe lilikuwa kubwa, nikaogopa. Nikasema, mtoto wangu ametoka na homa, na watu hawa wameshamwekea neno. Nikataka kutoka. Halafu nikakusikia wewe."

Mikono yangu ilisimama majini.

"Watu wote wale, lakini sauti yako naijua. Nikasema aa, Nyamisi yupo. Alikuwa ameniambia, unajua? Kwamba mmepatana utamwita. Basi nikatulia, nikarudi nikageuza ugali wangu. Niliusonga mzuri, nikauacha umefunikwa mpaka mrudi."

Kuku alipita katikati yetu akidonoa. Kwa mbali, wanafunzi walikuwa wanarudi wakiimba wimbo wa mchakamchaka, mmoja anaanza, wote wanaitikia.

"Ulimwita, mwanangu?"

Nilifungua mdomo, na mara hii nilikuwa peke yangu, hakuna aliyenisukuma.

"Nilimwita, mama. Hakusikia."

"Eee," alisema. "Yowe lilikuwa kubwa."

"Lilikuwa kubwa, mama."

Akatikisa kichwa polepole, akanyoosha mkono akaweka mche wa sabuni sawa ukingoni mwa beseni usianguke. Nikasugua tena. Povu lilikuwa jingi, jeupe, likapanda mpaka viwikoni, likafunika koti lote nisilione. Mama alikufa kabla ya vuli, akijua kwamba nilimwita.